NENDA KAMA HARUNI

Mazungumzo ya redio katika kipindi cha ibada ya asubuhi

Masomo: Kutoka 4:10-17 na 27-31, Waamuzi 12:4-6

Nawasalimu ninyi mlioko nyumbani mnaochemsha chai. Ninyi madereva wa malori mliolala kwenye foleni Malaba mkingojea karatasi zenu. Ninyi akina mama mnaopanga samaki na ndizi sokoni Busia. Nanyi vijana wa bodaboda, ambao kazi yenu, kama wasemavyo wazee, ilianza hapa hapa mpakani kwa baiskeli zilizovusha watu toka upande mmoja hadi upande wa pili.

Asubuhi ya leo nataka kusema hasa na kijana mmoja. Simjui jina, lakini najua yuko, na huenda wako wengi. Amemaliza chuo cha ualimu. Cheti anacho, na amekwisha kuandikishwa na tume ya walimu, TSC. Amengojea kuajiriwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Sasa amepata habari ya kazi ng'ambo: anatakiwa mtu wa kuwasaidia walimu na wanafunzi katika lugha ya Kiingereza. Labda ni Rwanda. Labda ni Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru wake mwaka 2011 na kuifanya Kiingereza kuwa lugha ya serikali. Begi limefungwa nusu. Mama yake anafurahi na kulia kwa wakati mmoja.

Ndugu yangu, dada yangu, sikukatazi kwenda. Nataka tu kukuuliza swali moja kabla hujapanda basi. Unakwenda kama nani?

Kuvuka kwa kila siku, na kuvuka kwa kwenda kukaa

Sisi watu wa mpakani tuna hatari yetu. Tumezoea kuvuka, hata tunadhani kuvuka ni jambo dogo. Waiteso wako pande zote mbili. Wasamia wako pande zote mbili. Mtu huamka Busia ya Kenya, akaenda kuzika shangazi yake Busia ya Uganda, akarudi jioni kukamua ng'ombe. Hata mpaka wenyewe si wa tangu kuumbwa kwa ulimwengu: hadi mwaka 1902 nchi hii yetu ya magharibi ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na mpaka ulikuwa mbali huko, karibu na Naivasha. Tena tangu Februari 2018 kituo cha pamoja kilipofunguliwa rasmi Busia, msafiri humaliza mambo ya nchi zote mbili mahali pamoja.

Kwa hiyo kijana wetu hujiambia, "Mimi mpaka naujua." Ni kweli, anaujua mpaka wa kununulia sukari. Lakini kutoka Busia hadi Kigali ni safari ya yapata kilomita 700. Atatumia pesa za namna tatu: shilingi yetu, shilingi ya Uganda na faranga ya Rwanda. Atakapofika mpaka wa Gatuna, gari litahama upande wa kushoto wa barabara na kushika upande wa kulia. Saa yake itabidi irudi nyuma saa moja. Na watu wataanza kusema lugha ambayo masikio yake hayaijui. Hapo ndipo atakapotambua kwamba safari hii si ile ya kwenda kumwona shangazi.

Haruni alikuwa nani?

Tumesoma habari za Musa penye kijiti kilichowaka moto. Mungu anamtuma Misri, naye anatoa udhuru. Anasema ulimi wake ni mzito, hawezi kunena vizuri. Mungu anamkumbusha ni nani aliyekifanya kinywa cha mwanadamu. Bado Musa anaomba atumwe mtu mwingine. Ndipo Mungu anamtaja Haruni, ndugu yake, mtu ajuaye kusema vizuri. Haruni atakuwa kinywa chake.

Ninyi mnaokwenda kusaidia kwa lugha, kazi yenu ni hii hasa. Tazameni basi kwa makini jinsi Haruni alivyoianza. Nataka mwone mambo matatu.

Jambo la kwanza: Haruni alikuwa mkubwa kwa umri. Kutoka sura ya 7 yatuambia kwamba waliposimama mbele ya Farao, Musa alikuwa na miaka 80, na Haruni miaka 83. Kaka mkubwa, mwenye kusema vizuri, alikubali kuwa kinywa cha mdogo wake. Katika desturi zetu hilo si jambo rahisi hata kidogo. Nani kati yetu angekubali kumsemea mdogo wake barazani, naye mdogo ndiye mwenye ujumbe?

Jambo la pili: Haruni alifurahi. Mungu alimwambia Musa mapema kwamba ndugu yake atakapomwona, moyo wake utafurahi. Na walipokutana mlimani, Haruni alimbusu. Hakuanza kwa kucheka ulimi mzito wa Musa. Hakusema, "Wewe uliyekulia katika nyumba ya Farao, umeshindwa hata kusema?" Alimbusu kwanza.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa: Haruni alisikiliza kabla hajasema. Musa alimweleza maneno yote aliyoagizwa. Kisha ndipo Haruni akawaambia wazee wa Israeli. Haruni hakuwa na ujumbe wake mwenyewe. Alikuwa na ulimi mwepesi, na ulimi huo aliuazima kwa kazi ya mwingine. Fimbo ilikuwa mkononi mwa Musa, na kila Haruni alipoagizwa kunyosha fimbo mbele ya Farao, agizo lilimfikia kwa kupitia kwa Musa.

Basi ndugu, swali letu limepata jibu. Nenda kama Haruni. Usiende kama Musa, kana kwamba wewe ndiwe uliyetumwa kuwakomboa watu wale.

Musa wako ni nani?

Nawe utaniuliza, "Huyo Musa nitakayemkuta huko ni nani?" Nitakueleza.

Rwanda ilitawaliwa na Wabelgiji, na kwa miaka mingi Kifaransa kilikuwa lugha ya shule kubwa na ya ofisi. Mwezi wa Oktoba 2008 serikali ya nchi hiyo iliamua kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza, na mwaka wa shule wa 2009 mabadiliko yakaanza. Baadaye, mwaka 2011, madarasa ya chini yakarudishiwa Kinyarwanda. Kisha Desemba 2019 ikatangazwa tena kwamba Kiingereza kianze tangu darasa la kwanza. Katika miaka hiyo walitafutwa watu wa kukaa shuleni na kuwasaidia walimu kwa lugha, na miongoni mwao walikuwamo Waganda na Wakenya. Vijana wengi walipita kwenye mipaka yetu hii miwili, Busia na Malaba, wakielekea huko.

Sasa mfikirie mwalimu mmoja wa kijijini, huko kwenye vilima. Amefundisha hesabu miaka 20 kwa Kifaransa. Watoto aliowafundisha wamekuwa wauguzi, makarani, wachungaji. Kijijini anaheshimiwa. Halafu inafika amri: kuanzia muhula ujao, hesabu ile ile, kwa lugha nyingine. Jana alikuwa mwalimu mkuu wa somo lake. Leo anatafuta maneno kama mtoto wa darasa la kwanza. Watoto wenyewe wanamcheka kichinichini. Jioni anarudi nyumbani akiwa amechoka kuliko mtu aliyelima kutwa.

Huyo ndiye Musa. Hesabu anaijua, watoto anawajua, hata ni nyumba gani isiyo na chakula anaijua. Ila ulimi wake umekuwa mzito, tena si kwa kosa lake. Nawe unafika toka Busia, una miaka 24, na Kiingereza chako umekipata bure, kwa sababu tu ulizaliwa upande huu, mahali Waingereza walipotawala. Je, utamsahihisha mbele ya watoto? Utacheka anapochanganya "l" na "r"?

Kumbuka sisi watu wa magharibi tunavyochekwa Nairobi. Wanasema kwamba "b" kwetu ni "p", na "d" kwetu ni "t". Kwamba hatupandi basi, twapanda "pasi". Tunacheka pamoja nao, lakini moyoni twajua kwamba inauma. Basi usimtendee mwalimu yule jambo ambalo hukupenda kutendewa.

Ukitaka kumsaidia, kaa naye baada ya watoto kwenda nyumbani. Mwambie akufundishe jinsi anavyoeleza kugawanya kwa namna ambayo mtoto wa kijiji kile anaielewa. Kisha mtafute pamoja maneno ya Kiingereza ya kuyasema hayo. Kesho yake asimame yeye mbele ya darasa, nawe ukae nyuma. Watoto wamwone mwalimu wao akisema. Wewe umekuja ili yeye aweze, kisha wewe usihitajiwe tena. Msaidizi wa lugha aliyefanya kazi vizuri ni yule ambaye siku moja ataambiwa, "Asante, sasa twaweza wenyewe."

Kivuko cha Yordani

Wapenzi wasikilizaji, labda mtu atasema kwamba haya ni mambo ya adabu tu, si mambo ya uhai na mauti. Ndiyo maana tumesoma pia Waamuzi sura ya 12.

Watu wa Gileadi na watu wa Efraimu walipigana. Wote walikuwa Waisraeli, wana wa baba mmoja. Wagileadi wakashika vivuko vya mto Yordani. Kila mtu aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno moja, Shibolethi. Waefraimu hawakuweza kuitoa ile "sh", walisema Sibolethi. Aliyekosa kutamka aliuawa pale pale mtoni. Maandiko yanatoa hesabu yao: watu 42,000.

Angalieni, neno lenyewe halikuwa na ubaya. Kosa la mtu lilikuwa namna alivyolitamka. Ulimi, ambao Mungu aliuumba ili ndugu asemezane na ndugu, uligeuzwa kuwa kichungio cha kumtenga wa kuishi na wa kufa. Na jambo hilo lilifanyika kivukoni, mahali kama pale daraja la mto Malaba, ambapo watu wote lazima wapite.

Nanyi mnaokwenda Rwanda lazima mlijue jambo hili kabla hamjafika. Katika nchi ile, tangu Aprili hadi Julai 1994, katika siku zipatazo 100, yalifanyika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Palikuwa na vizuizi barabarani. Watu walisimamishwa na kuulizwa vitambulisho, na vitambulisho vya siku zile vilikuwa vimeandikwa kabila la mtu. Wengine waliuawa hata ndani ya makanisa walimokimbilia, kama vile Ntarama na Nyamata. Miili ilichukuliwa na mto Kagera hadi Ziwa Victoria, ziwa hili hili ambalo maji yake yanagusa kata zetu za kusini.

Kwa hiyo mtoto wa mtu aliyesimamishwa kivukoni anaweza kuwa ndiye mwalimu unayekwenda kumsaidia. Usiende huko na vichungio vya kwetu. Sisi Wakenya tuna tabia, tukikutana tu, kuuliza, "Wewe ni wa wapi hasa? Jina lako la pili ni nani?" Swali hilo kwetu ni kama salamu. Kule ni kidonda. Lifunge mdomoni mwako, ulimeze. Wala usiifanye lugha ya Kiingereza kuwa Shibolethi mpya, ya kuonyesha nani ana akili na nani hana. Kiingereza si akili. Kuna watu wenye hekima nyingi ambao hawajui hata neno moja la Kiingereza, nasi tumewazika wengine wao hapa kijijini kwetu kwa heshima kubwa.

Matayarisho ya mkono

Sasa tuseme juu ya matayarisho ya mkono, maana Bwana Yesu alipofundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, alisema kwamba yampasa kwanza kuketi na kuhesabu gharama. Habari hiyo mtaisoma katika Luka 14. Kuketi na kuhesabu si kukosa imani.

Hesabu karatasi zako. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kusafiri kati ya nchi hizi tatu kwa kitambulisho cha taifa. Lakini kuvuka ni jambo moja, na kufanya kazi ni jambo jingine. Kazi yahitaji kibali. Uliza mapema nani atakuombea kibali hicho, wewe au shule inayokuita. Chukua cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na vyeti vyako vya masomo. Nakala zake ziache kwa mtu mwaminifu nyumbani. Na ukishapata karatasi zote, pita penye mlango. Sote twazijua njia za panya za hapa kwetu. Mtu anayekwenda kufundisha watoto wa watu asianze kazi yake kwa kupita kichakani.

Kama tayari umeajiriwa na TSC, usiondoke kimya kimya ukaacha darasa bila mwalimu. Omba ruhusa. Watoto wa Amagoro na wa Nambale ni watoto wa Mungu sawasawa na wale unaowaendea.

Hesabu mkataba wako. Usome wote, tena umpe mtu mzima mwingine ausome. Mshahara ni kiasi gani, na kwa pesa ya nchi gani? Unalipwa mwezi gani, na je, wakati wa likizo? Nyumba ni ya nani? Ukiugua, nani analipa hospitali? Kazi ikiisha kabla ya wakati, nani analipa nauli ya kurudi? Ahadi ya mdomo, ikiwa imetolewa na mtu usiyemjua, usiipe uzito wa karatasi.

Wala usimwuzie wakala shamba la baba yako. Nasema na wazazi pia. Akija mtu mwenye viatu vizuri akataka pesa nyingi ili ampeleke mtoto wako ng'ambo, usimkabidhi siku ile ile. Uliza kama jina lake limo katika orodha ya mawakala walioandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Mnakumbuka habari za mwaka 2022 na baadaye, za vijana wa Kenya walioahidiwa kazi nzuri Thailand, wakajikuta wamefungiwa Myanmar na kulazimishwa kuwalaghai watu kwa kompyuta. Wengi wao walikuwa wamesoma, na Kiingereza walikijua sana. Kiingereza hakikuwaokoa.

Tena weka nauli ya kurudi, uifunge kando, usiiguse. Milango hufungwa. Mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Katikati hapo ukaja ugonjwa wa korona. Mama alifiwa na mumewe, na mtoto hakuweza kuja kuzika: mambo kama hayo yaliwapata wengi katika miaka ile. Zungumzeni mapema nyumbani. Semeni waziwazi: kukitokea msiba nawe huwezi kufika, nani atasimama mahali pako? Mwenye mume au mke aseme naye mpaka wakubaliane, wala si kumwachia barua mezani.

Matayarisho ya moyo

Katika habari za Haruni kuna jambo la kuhuzunisha. Musa alipopanda mlimani akakawia, Haruni aliachwa na watu wale. Mtu yule yule mwenye ulimi mwepesi, aliyesimama mbele ya Farao bila hofu, alishindwa kusema neno moja fupi: hapana. Watu walitaka mungu wa kuonekana, naye akakusanya vipuli vyao vya dhahabu, akafanya ndama.

Haruni alianguka wakati mwenzake hayupo. Ewe kijana, jioni za ugenini ni ndefu. Hakuna anayekujua. Hakuna shemasi atakayemwambia mama yako kwamba amekuona mahali fulani. Mshahara uko mfukoni kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo ndama hutengenezwa, polepole, kipuli kimoja kimoja.

Kwa sababu hiyo usiondoke bila barua ya kanisa. Mtume Paulo alipomtuma Foibe Rumi, alimwandikia maneno ya kumtambulisha kwa ndugu wa huko. Yamo mwanzoni mwa Warumi 16. Mwombe mchungaji wako akuandikie barua. Ukifika, Jumapili ya kwanza, kabla hata hujajua soko liko wapi, ipeleke. Utaimba usichokielewa. Kaa papo hapo. Jifunze kusema "muraho" na "murakoze" kabla hujawafundisha wao salamu za Kiingereza. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, watu watokapo asubuhi kwa kazi ya pamoja wanayoiita umuganda, shika jembe utoke nao. Mtu anayetaka kufundisha lugha yake na akubali kwanza kuwa mtoto mchanga katika lugha ya wengine. Kila utakapokosea wakacheka kwa upendo, utakuwa umemwelewa yule mwalimu wa hesabu zaidi kidogo.

Nanyi washarika mnaobaki, msimsahau. Tumezoea kumwombea mtu siku ya kuondoka, tukampa mkono na soda, tukaacha hapo. Kisha akipiga simu, tunamwomba pesa za harambee. Mpigieni na ninyi. Mwulizeni, "U hali gani?" kabla hamjamwuliza, "Umetutumia nini?"

Deni la zamani

Kabla sijamaliza, niwakumbushe deni letu. Mwaka 1929 mwalimu kijana wa Buganda, Blasio Kigozi, aliiacha nchi yake akaenda kufundisha Gahini, Rwanda, kwenye misheni ya Kianglikana. Alikuwa mgeni kule, kama utakavyokuwa wewe. Kazi yake ilikuwa ngumu, na maisha yake hayakuwa marefu: alifariki Januari 1936. Lakini kutoka Gahini ile, katika miaka ile ya 1930, moto wa uamsho uliwaka. Mwaka 1937 ndugu kutoka huko walifika Kabete, hapa Kenya, wakashuhudia. Bibi na babu zetu waliotengeneza mambo yao mbele za watu, wakarudisha walichoiba, wakasameheana kabila kwa kabila, waliupokea moto huo kutoka Rwanda.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usidhani kwamba unawapelekea watu wa Rwanda nuru. Unakwenda kulipa sehemu ndogo ya deni. Mwalimu mmoja alivuka mpaka akiwa na mzigo mdogo, na faida yake ilitufikia sisi, wajukuu wa watu asiowajua. Wewe nawe hujui mzigo wako mdogo utafika wapi.

Basi hesabu gharama. Panga karatasi zako. Agana na wazee vizuri. Ukifika pale kivukoni, Busia au Malaba, ukiona muhuri unapigwa, ujiulize tena kwa kimya: Ninakwenda kama nani? Na Bwana akupe jibu la Haruni: Ninakwenda kuwa kinywa cha ndugu yangu, mpaka atakapoweza kusema mwenyewe.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba, wewe uliyekifanya kinywa cha kila mtu, na lugha za watu wote unazisikia. Twakuombea vijana wetu wanaojiandaa kuondoka. Uwaepushe na waongo wa njiani. Uwape mkate wa halali na mahali pa kulala. Uzilinde ndimi zao zisijeruhi waliojeruhiwa tayari. Uwaangalie walimu wale wanaojifunza upya uzeeni, uwape moyo. Wafariji wazazi wanaobaki, na siku moja uturudishie watoto wetu salama. Twaomba hayo kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.